Ijumaa Kumi na Nne za Mama

Kama leo asubuhi umetoka nyumbani na kikopo cha makohozi umekificha kwenye mfuko wa nailoni, chini ya nyanya, ili jirani akiuliza useme unatoka sokoni, basi haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi changu nilikificha chini ya bamia. Nilikwenda hivyo asubuhi tatu mfululizo, na bamia zilezile, mpaka zikaanza kunyauka.

Nimepona. Nalisema hilo mwanzoni ili usisome roho ikiwa juu juu. Kifua kikuu kinapona, dawa zake zinatolewa bure, na sina la kukufundisha kuhusu mapafu. Ninachokijua ni benchi la kusubiria, na jinsi mtu anavyoweza kumfungia mama yake mlango huku akiamini kwamba anamlinda.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Zamani nilifanya kazi kiwanda cha nguo, tukapunguzwa. Ikaja ile miaka ya kila kitu ruksa, nguo za Ulaya zikaingia kwa marobota, na mimi nikaanza kuuza zilezile zilizoniondoa kazini. Niliuza magauni ya kike. Mume wangu alikuwa ameshakwenda zake Dar es Salaam bila kurudi, mtoto sikubahatika, kwa hiyo katika nyumba yetu ya vyumba viwili pale Pasiansi, Mwanza, iliyoegemea jabali kubwa, tulikuwa wawili tu, mimi na Mama.

Aliyegundua kwanza kwamba nimekonda hakuwa mtu, lilikuwa gauni. Nilikuwa na gauni la bluu nililolichagua mwenyewe kutoka kwenye robota, limenikaa sawasawa. Masika yalipoanza likawa linateleza mabegani. Nikachukua la saizi ndogo zaidi, nalo likateleza. Wateja wakanisifia kwamba nimekuwa binti. Nikacheka nao, nikakohoa, nikatoka nje ya kibanda kutema, nikaona damu kwenye tope.

Mama yangu ni Mjita, wa kandokando ya ziwa upande wa Mara. Baba alipofariki nilimleta Mwanza. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na kivuli, basi, mengine aliyaona kwa mikono. Ukimsalimia hakuachii. Anakushika kiganja, anapanda kwenye kifundo, kiwiko, bega, mpaka ajue juzi ulikula nini. Wanawake wa kanisani walikuwa wanatania kwamba kwa Mama hakuna haja ya mizani.

Na Mama alikuwa ameshazika mtoto kwa kifua. Kaka yetu mkubwa, Mafuru, alikufa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Nakumbuka tu kikohozi kutoka chumba cha pili, na Mama akiingia na kutoka na bakuli. Miaka yote hiyo hakuwahi kulitaja jina la Mafuru bila kujishika kifua chake mwenyewe. Sasa mimi nikakaa kwenye benchi la kituo cha afya, nikaambiwa nina ugonjwa uleule, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba Mama asijue.

Kulikuwa na sababu nyingine. Miaka ile, mtu akikohoa na kukonda, mtaa mzima ulikuwa umeshampa jina la ule ugonjwa mwingine, na tarehe ya mazishi. Damu yangu ilipimwa, ikawa salama. Lakini majibu ya damu huwezi kuyabandika kifuani ukatembea nayo.

Nilimwambia mtu mmoja tu, mdogo wangu Magesa, aliyekuwa na familia yake Kiseke. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye usukani wa baiskeli.

"Dada, pole sana," alisema. "Watoto wangu wasije kwako kwa sasa. Na Mama nimchukue."

"Mama haendi popote."

"Unataka afe?"

"Nitajitenga naye humo humo ndani. Nenda."

Akaenda, na tukakaa miezi bila kuzungumza. Alikuwa na haki ya kuwaogopea wanawe, lakini siku ile nilimchukia.

Basi nikajitenga humo humo ndani. Kikombe changu nikakipaka rangi nyekundu ya kucha ili kisichanganyike na vingine, nikawa nakiosha peke yake na kukianika peke yake juu ya jabali. Nikavaa sweta la mikono mirefu hata jua likiwaka, ili Mama akinishika asikute mfupa. Nikawa nakaa mlangoni, yeye ndani, tunazungumza kwa mbali. Mkono nikamwambia una upele. Jumapili nilikuwa namwongoza kwenda kanisani kwa kumshika, sasa nikatafuta fimbo ndefu, mimi nikashika ncha ya mbele na yeye ya nyuma. Tulipanda hivyo njia ya mawe mpaka kanisani, na watu wakaona ni ubunifu mzuri.

Sindano zilikuwa kila siku kwa miezi miwili, pamoja na vidonge. Nesi aliyetuhudumia tulimwita Nesi Yustina, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, aliyekuwa anakusimamia mpaka umeze. "Fungua mdomo. Nyanyua ulimi. Haya, nenda, mrembo." Tulikuwa kumi na kitu kwenye benchi lile, tumekaa kwa kuachana nafasi. Tulikubaliana bila kuambiana kwamba tukikutana mtaani hatujuani. Siku moja Nesi Yustina alinipa yai la kuchemsha kutoka kwenye kikapu chake mwenyewe, akaniambia nile palepale mbele yake. Nilikula huku nalia, na chumvi haikuhitajika.

Mwili ulinifanyia mambo yake. Mkojo ukawa mwekundu, nikawa namwaga maji mengi kwenye choo tulichochangia na majirani, wasione. Makalio yakawa na vinundu, nikikaa nachagua upande. Masikio yakaanza kuvuma, na nikitembea napepesuka. Hilo la kupepesuka ndilo lililoniponza. Saa mbili asubuhi natoka sindano, nashuka njia ya mawe nikishikilia ukuta wa huyu na ukuta wa yule, na majirani wananitazama. Mtu anayepepesuka asubuhi Pasiansi anajulikana ametoka wapi.

Lakini kilichonivunja ni kikombe cha kanisani.

Kanisa letu lilikuwa na kikombe kimoja cha shaba, kikubwa, na Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya Meza ya Bwana, wote tulikinywea hicho. Mchungaji anafuta ukingo kwa kitambaa cheupe, anakigeuza kidogo, anampa anayefuata. Ningewezaje? Nilimpeleka Mama na fimbo yetu mpaka mbele, nikamwacha amepiga magoti, nikarudi nyuma nikakaa. Kwetu, mtu aliyepata kipaimara asipokwenda mezani, maana yake ni moja. Amefanya jambo. Labda ametengwa na wazee, labda dhamiri yake ndiyo imemtenga. Hakuna anayewaza kifua.

Mama alishiriki mwezi ule akidhani nipo pembeni yake. Tulipokuwa tunarudi akauliza, "Mbona sikusikia ukiitikia?"

"Sikwenda mezani leo, Mama."

Fimbo ikasimama. Nikageuka. Alikuwa ametulia, uso umeelekea ziwani, kule magugu maji yalikokuwa yananuka.

"Sitakuuliza," alisema. "Ukitaka kusema, mimi nipo."

Ningesema siku ile, hadithi hii isingekuwepo. Nilivuta fimbo tukaendelea.

Mwezi uliofuata, foleni ya kwenda mezani ilipoanza nilimpa ncha yake ya fimbo. Hakuipokea. "Kaa," alininong'oneza. "Nitakwenda siku utakayokwenda wewe." Mwanamke aliyeshiriki meza ile tangu akiwa msichana, tangu wamisionari wakija kwa ngalawa, alikaa benchi la nyuma pamoja nami, mikono kwenye mapaja, akaimba tenzi zote. Niliona aibu iliyozidi homa.

Miezi miwili ya sindano ikaisha. Makohozi yakapimwa tena. Nesi Yustina akaniambia, "Safi. Sasa humwambukizi mtu. Imebaki miezi sita ya vidonge tu. Nenda kaishi na watu." Nilimsikia vizuri, ila sikumwamini. Alikuwa na karatasi, mimi nilikuwa na Mafuru. Nikarudi nyumbani nikakiosha kikombe changu peke yake kama kawaida.

Kiangazi kikaingia. Vumbi, upepo kutoka ziwani, na wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi juu ya maji. Mimi nilianza kurudisha mwili kidogo. Nilikuwa nachemsha supu ya mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki baada ya minofu kukatwa, nanunua pale yanapouzwa kwa mafungu. Ndege za kuichukua minofu zilipita juu ya paa letu, na Mama alikuwa anatikisa kichwa. "Samaki wetu siku hizi ana pasipoti," anasema. "Sisi ametuachia mgongo wake."

Nilichokiona, na sikukitilia maanani, ni kwamba wakati mimi nanenepa Mama alikuwa anapungua. Siku nyingine nikirudi sokoni nakuta ugali wake umefunikwa vilevile nilivyouacha. "Sina hamu leo," anasema. Nikaweka hesabu kwenye uzee. Ana miaka sabini na zaidi, nikasema, wazee hawali sana.

Katikati ya mwezi wa tisa, Ijumaa moja alasiri, akaja Mzee Kulwa. Alikuwa mzee wa kanisa, fundi viatu, mtu mpole anayevaa koti hata kwenye joto. Nikampa kiti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatoa daftari mfukoni.

"Mwanangu Esta," alisema, "nimekuja na habari njema. Baraza la wazee limekaa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao unaweza kurudi kundini."

"Kurudi kutoka wapi, mzee?"

Akamtazama Mama. Mama aligeuka kwenye kiti chake, uso ukutani, kama mtu anayempa mwenzake faragha ya kuvaa nguo.

"Mama yako amekuja kwangu mara nne," Mzee Kulwa alisema taratibu. "Kwa miguu, anaongozwa na watoto wa jirani. Ametuomba tukupokee bila kukuaibisha. Amesema atasimama na wewe mbele ya watu. Sisi tumekubali. Kuna utaratibu tu, lazima niandike kosa, hata neno moja. Tumesikia habari za pombe. Sijui."

Kalamu ilikuwa tayari. Nami nakiri hapa, kwa kuwa nimekuja kukiri, kwamba nilivutiwa. Pombe! Neno moja na mambo yamekwisha. Nasimama mbele, napigiwa makofi, narudi nyumbani nikiwa mlevi aliyetubu, na walevi waliotubu wanapendwa sana pale kanisani. Nikafikiria hata kumtaja mwanaume, nikawa natafuta kichwani nimtaje nani. Yote hayo yalionekana mepesi kuliko ukweli.

"Ni vizuri tumalize mapema," Mzee Kulwa aliendelea, "maana tunamwogopea mama. Kufunga kwa umri wake si mchezo. Ijumaa zote hizi hali mpaka jua lizame, na akila jioni anakula kidogo. Leo nadhani ni ya kumi na nne."

Nikatazama mezani. Ile sahani ilikuwa imefunikwa. Nikaanza kuhesabu siku nilizoikuta hivyo nikirudi sokoni, na zote zilikuwa Ijumaa.

"Andika kifua kikuu," nikasema.

Mzee Kulwa aliandika herufi mbili, akasimamisha kalamu. "Hilo si kosa, mwanangu."

"Ndilo nililonalo. Nimetumia dawa tangu masika. Nilipepesuka kwa sababu ya sindano. Meza nimeiacha kwa ajili ya kikombe, nisije nikawapa watu."

Nje mtu alikuwa anapiga nguo kwenye jiwe. Mama akageuka polepole kutoka ukutani.

"Una ugonjwa wa Mafuru," alisema.

"Ndiyo, Mama. Nilidhani nikikwambia..."

"Njoo."

"Mama, nitaku..."

"Nimesema njoo hapa."

Nilipiga magoti mbele yake. Akalikunja sweta langu mpaka kwenye kwapa, mkono mmoja kisha mwingine. Akapita kifundo, kiwiko, bega. Akashuka mbavu moja moja. Akanishika shingo, akatega sikio mgongoni pangu, akasikiliza nikivuta pumzi. Mzee Kulwa alikuwa ameinama anatazama viatu vyake. Mama alipomaliza akaniambia maneno ambayo ningependa kuyasahau.

"Mafuru nilimshika mpaka alipotoka mikononi mwangu. Ndicho kitu kilichonisaidia kuishi baada yake. Wewe umeninyima mkono, ukanipa fimbo."

Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya mzee wa kanisa. Mama aliniacha nilie. Hakunibembeleza haraka. Alikuwa amekasirika kweli, na alikuwa na haki.

Halafu, bila kutarajiwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Mzee Kulwa," alisema, "kumi na nne! Nimemlilia Mungu Ijumaa kumi na nne amsamehe huyu kosa ambalo hakulifanya. Sasa hizo sala zimekwenda wapi?"

Mzee Kulwa akasema hajui, atamuuliza mchungaji.

"Usimsumbue," Mama akasema. Akaniwekea mkono kichwani. "Sala hazirudishwi. Zitunze, mwanangu. Utazitumia siku ukikosea kweli." Kisha akauliza, "Kikombe chako ndicho kile unachokianika peke yake?"

"Ndicho."

"Kitilie uji. Jua limekaribia kuzama."

Sikuweza. Nilimtilia kwenye kikombe kingine, akakipapasa, akajua sicho, akakitua chini. Kwa hiyo tukasubiri mpaka asubuhi, na asubuhi nikaenda naye kwa Nesi Yustina, nimemshika mkono. Fimbo ilibaki ndani. Nesi Yustina alimsikiliza Mama, akanigeukia mimi, na sauti ile ya sokoni ikajaa kituo kizima.

"Mimi si nilikwambia mwezi wa sita? Si nilikwambia ukaishi na watu?"

Tulivyorudi nilimpa uji kwenye kikombe chenye alama nyekundu. Akanywa wote, akalamba ukingo kwa makusudi, kunichokoza.

Msomaji wangu, fanya hesabu ambayo mimi niliifanya usiku na mchana. Tangu sindano zilipoisha hapakuwa na hatari yoyote. Miezi mitatu na nusu nilikaa mlangoni bure. Nilikuwa na mama mwenye mikono inayotafuta mtu wa kushika, nami nilikuwa hatua nne kutoka kwake.

Tulijaribu kufidia. Nilianza kufunga kibanda mapema. Nilimpaka mafuta miguuni, yeye akanisuka nywele kwa kupapasa, mistari imepinda kwelikweli, na nikaenda nazo sokoni hivyo hivyo. Alinisimulia habari za Mafuru, kwamba alipenda kulala juu ya nyavu, kwamba alikuwa mwongo wa kuchekesha. Lakini mwili wake ulikuwa umeshashuka. Siwezi kusema ni kufunga. Daktari aliyemwona alisema ni umri na moyo. Nilimuuliza mara mbili, akajibu vilevile mara mbili, na namshukuru kwa hilo, iwe alisema kweli au alinihurumia tu.

Mvua za vuli zilipoanza alikuwa hawezi tena kutoka kitandani. Mwezi wa kumi mafua makali ya Mama yalikuwa yametuzuia kwenda mezani tena. Mwezi wa kumi na moja mchungaji alikuja nyumbani baada ya ibada. Alikuwa na kile kikombe kidogo cha kutembelea wagonjwa, lakini nyuma yake alikuja Mzee Kulwa amekumbatia taulo, na ndani ya taulo kile kikombe kikubwa cha shaba. Mama alikuwa amemwagiza. Kidogo hakitaki, alisema, alichokikosa yeye ni kile kikubwa.

Mchungaji alipofika kwenye kikombe alimwelekea Mama kwanza, kwa heshima ya umri. Mama akatikisa kichwa.

"Aanze huyu. Nataka nimsikie akimeza."

Nilipokea. Ile hofu ya zamani ilikuwepo yote, sitakudanganya. Mama alikuwa ametega sikio upande wangu. Nikanywa, nikameza kwa sauti kama mtoto anayemwonyesha mama yake kwamba dawa imekwenda. Mchungaji akainua kitambaa cheupe afute ukingo.

"Acha," Mama alisema.

Akakivuta kikombe karibu. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa shaba, polepole, mpaka alipopata sehemu yenye majimaji, mahali midomo yangu ilipogusa. Akakigeuza. Akanywea hapo.

Wiki tatu baadaye alifariki, alfajiri, nimemshika. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za vidonge vyangu.

Alitaka kulala kwao, kwa hiyo tulimpeleka Majita kwa pikapu, mvua ikitunyeshea njia nzima. Vidonge nilivifunga kwenye leso nikaviweka kifuani. Siku ya maziko, kaburi lilipokwisha kufukiwa, nilikumbuka kwamba sijameza, na Nesi Yustina alikuwa ameniapisha nisiruke hata siku moja. Nilisogea kando kwenye migomba, nafungua leso, mikono ina tope. Nikamwona Magesa anakuja. Hatukuwa tumezungumza zaidi ya mambo ya jeneza. Alikuwa na kikombe cha maji.

"Meza, Dada," alisema.

Nikameza. Maji yalibaki nusu. Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akanitazama, akanywa yaliyobaki. Halafu akakaa chini kwenye majani ya migomba akalia.

Siku ya mwisho Nesi Yustina aliandika kwenye kadi yangu kwamba nimemaliza, akagonga muhuri, akanikumbatia. "Nenda kawaambie nyumbani," alisema. Nilishuka njia ya mawe mpaka Pasiansi. Nikafungua mlango. Kikombe chenye alama nyekundu kilikuwa mezani, na kitanda cha Mama kimetandikwa. Nilisema kwa sauti, "Mama, nimepona." Halafu nikakaa pale mlangoni, mahali pangu pa zamani, kwa kuwa sikujua pa kukaa pengine.

Miaka imepita. Ninakohoa kama watu wengine wanavyokohoa. Ninakwenda mezani kila mwezi. Wewe mwenye kikopo chini ya nyanya, ninachokuomba ni kimoja: ukitoka hapo kwenye benchi, nenda moja kwa moja ukamwambie mama yako. Atalia, mwache alie. Kisha mwamini nesi wako anapokwambia umekuwa salama, siku hiyo hiyo, usingoje mwezi mwingine.

Mimi nilikosea kweli, baadaye nimelielewa. Sikuiba, sikulewa, sikuwa na mwanaume wa kumtaja. Nilimnyima mama yangu mkono kwa miezi mitano, na mingi kati ya hiyo bila sababu, na hakuna daftari la mzee wa kanisa lenye mahali pa kuliandika kosa hilo. Ndiyo maana kila Ijumaa nakaa kwenye kitanda chake kabla ya kwenda sokoni, nasema, Mungu, leo naomba nitumie moja ya zile za Mama. Zilikuwa kumi na nne tu, na nimeshatumia mamia. Bado hazijaisha.